Vitabu vinne vya picha kuhusu kazi: kipi kimfundishe mtoto uchumi, na akiwa na umri gani

Katika madarasa mengi ya chekechea kuna chati ya kazi iliyobandikwa ukutani. Daktari amevaa koti jeupe, rubani ana kofia, mwalimu ameshika chaki, askari amesimama wima, na mkulima ana jembe begani. Mtoto huikariri chati hiyo kwa siku chache na huweza kutaja kila jina bila kukosea. Lakini siku mwanangu wa miaka 5 aliponiuliza kama daktari analipwa na mgonjwa au na serikali, na kama mgonjwa akikosa hela daktari atakula nini, nilitambua kuwa chati ile ilikuwa imemfundisha sare za watu tu. Kazi yenyewe haikuwamo. Kazi ni jambo la watu wawili au zaidi: mmoja anatoa jasho au ujuzi wake, mwingine anauhitaji, na kati yao kuna kitu kinachotoka mkono huu kwenda mkono ule. Hilo ni somo la kwanza la uchumi, na mtoto wa miaka 5 analiweza kabisa ikiwa ataliona kwa picha.

Baada ya swali lile nilianza kutafuta vitabu vya picha vinavyoeleza kazi kwa namna hiyo, nikabaki na vinne ambavyo nimevisoma mara nyingi na watoto wangu wawili, huyo wa miaka 5 na dada yake wa miaka 8. Kimoja ni cha Uswidi, viwili ni vya Marekani, na cha nne kimeandikwa na Mtanzania na kinasimulia maisha ya Tanzania. Vyote nimevisoma kwa Kiingereza huku nikisimulia kwa Kiswahili, na ninaamini mzazi au mwalimu yeyote anayesoma Kiingereza cha kawaida anaweza kufanya hivyo. Ninavilinganisha hapa kwa sababu havifundishi jambo moja, na anayenunua kimoja akitarajia kazi ya kingine atadhani kitabu ni kibaya, kumbe amekiuliza swali lisilo lake.

Kipimo changu si idadi ya kazi zilizochorwa. Ninachotafuta kwanza ni ukurasa ambao mtu anaachilia kitu ili apate kingine. Bajeti ya nyumba na bajeti ya nchi zote zinaanzia hapo: huwezi kuwa navyo vyote, na ukichagua hiki umekiacha kile. Kitabu ambacho kila mtu ndani yake anapata anachotaka bila kuachilia chochote kinaweza kumfurahisha mtoto na kumwongezea msamiati, ila hakijamfikisha kwenye uchumi. Jambo la pili ninalotazama ni kama mtoto anaweza kuweka kidole juu ya kitu fulani, iwe sufu, sarafu au gunia la viazi, akakifuata ukurasa kwa ukurasa mpaka aone kilikoishia.

Pelle na koti lake

Kitabu cha zamani kuliko vyote ni cha Elsa Beskow wa Uswidi, kilichotoka mwaka 1910, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa Pelle's New Suit. Pelle ni mvulana wa shamba mwenye mwanakondoo wake mwenyewe. Sufu ya mwanakondoo inazidi kurefuka, koti la Pelle linazidi kumbana. Basi anamnyoa kondoo wake na kumpelekea bibi yake sufu ili aichambue, na wakati bibi anachambua, Pelle anampalilia karoti zake. Bibi wa upande wa pili anaisokota sufu iwe uzi, na Pelle anamchungia ng'ombe. Mama anaufuma uzi kuwa kitambaa, na Pelle anamwangalia mdogo wake. Mshonaji anakishona kitambaa, na Pelle anakusanya majani makavu, anaingiza kuni ndani na kulisha nguruwe. Jumapili anavaa nguo mpya na kwenda kumshukuru kondoo.

Ninakiona kuwa kitabu kilicho wazi kuliko vyote vinne, kwa sababu karibu kila hatua ina kazi mbili zinazotendeka pamoja, moja anayofanyiwa Pelle na nyingine anayoifanya yeye. Mtoto hahitaji maelezo. Anaweka kidole kwa bibi, anaweka kidole kingine kwenye karoti, na ameshaelewa kuwa uchambuzi ule haukuwa wa bure ingawa aliyeufanya ni bibi. Hata mama yake Pelle analipwa kwa kazi, na hilo lilimshangaza mwanangu kiasi cha kuniuliza mara tatu kama ni kweli. Nilimjibu kuwa mama akiwa anafuma hawezi wakati huohuo kumbeba mtoto, kwa hiyo lazima mtu ambebe.

Kuna ukurasa mmoja ambao ningependa kila mzazi aukawie. Pelle anahitaji rangi ya kutia uzi wake, anamwomba jirani mpaka rangi, na jirani anamweleza kuwa rangi za kupaka hazifai kwa uzi. Lakini kama atapiga makasia hadi dukani kumletea tapentaini, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, fedha itakayobaki anunulie rangi ya uzi. Hapo ndipo fedha inapoingia katika hadithi, tena kwa njia ambayo watoto wetu wanaijua kabisa, yaani chenji. Mtoto anayetumwa dukani kila jioni anajua kuwa chenji ni ya aliyemtuma. Pelle anaruhusiwa kuichukua kwa sababu imegeuzwa kuwa ujira wake, na walikubaliana kabla hajaondoka. Tofauti kati ya chenji iliyochukuliwa na chenji iliyokubaliwa ni somo kubwa, na kitabu kinalipitisha kwa sentensi mbili.

Upungufu wake ni kwamba kila anayemsaidia Pelle anahitaji kazi ileile ambayo Pelle anaiweza. Maisha hayako hivyo. Ninapofika kwa mshonaji huwa ninauliza: je, kama mshonaji huyu asingekuwa na majani ya kukusanya wala nguruwe wa kulisha, Pelle angemlipa nini? Binti yangu alifikiri kidogo akasema angekwenda kumfanyia kazi mtu mwingine apewe hela, kisha amletee mshonaji hela hiyo. Alikuwa amegundua mwenyewe sababu ya kuwapo kwa fedha, na sikuongeza neno. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, na hasa kwa familia inayoishi shambani au iliyo karibu na bibi na babu, hiki ndicho ningeanza nacho.

Mji uliojaa shughuli

Richard Scarry, mchoraji wa Marekani, alitoa What Do People Do All Day? mwaka 1968. Wakazi wa mji wake ni wanyama waliovaa nguo za watu, na kila ukurasa umejaa magari, ngazi, mabomba na maduka kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa juu ya picha moja kwa nusu saa. Katika kurasa za mwanzo yumo mbuzi mkulima aitwaye Alfalfa. Analima vyakula vya kila aina, anabakiza vya kula na familia yake, na vinavyozidi anamuuzia paka mwenye duka, ambaye naye atawauzia wakazi wa mji. Kwa fedha aliyoipata Alfalfa ananunua suti kwa mshonaji, ananunua trekta kwa mbweha mhunzi, ananunua zawadi za nyumbani, na inayobaki anaiweka benki.

Kurasa hizo chache zimebeba mambo ambayo wanafunzi wengi huyakuta kwa mara ya kwanza sekondari: ziada, soko, mfanyabiashara wa kati, matumizi, uwekezaji na akiba. Nakumbuka jioni niliyomwuliza binti yangu tofauti ya suti na trekta. Alisema suti ni ya kupendeza na trekta ni ya kufanyia kazi. Nikamwuliza, "Mwakani suti itampa nini Alfalfa?" Akacheka, akasema itampa suti iliyochakaa. Trekta, kama kitabu chenyewe kinavyoeleza, itamwezesha kulima chakula kingi kuliko zamani. Sina njia nyepesi kuliko hiyo ya kumwonesha mtoto tofauti kati ya fedha iliyotumika ikaisha na fedha iliyotumika ikazaa.

Sehemu nyingine za kitabu zinafuatilia jinsi mkate unavyofika mezani, jinsi nyumba inavyojengwa, jinsi barabara inavyotengenezwa, jinsi barua inavyosafiri, na jinsi makaa ya mawe yanavyotoa umeme. Kwa kuonesha kwamba nyuma ya kitu kimoja kuna mikono mingi isiyojuana, kitabu hiki hakina mshindani miongoni mwa vinne hivi. Pelle alimjua kila mtu aliyeshika koti lake. Anayekula mkate katika mji wa Scarry hamjui aliyelima ngano, na hata hivyo ngano imemfikia. Mtoto anayekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaishi katika mji wa namna hiyo, si katika shamba la Pelle, na anastahili kuelezwa mji wake.

Hata hivyo, kwa kipimo changu cha kuachilia, kitabu hiki ni dhaifu. Alfalfa anapata suti, trekta, zawadi na akiba, vyote kwa mara moja. Halazimiki kuacha hata kimoja. Fedha inatajwa, lakini mtoto hapewi bei ya kujumlisha wala kutoa. Hakuna anayekosa mteja na hakuna anayekopa akashindwa kulipa. Mtoto akikifunga anaweza kuamini kuwa ukifanya kazi tu kila kitu kitajipanga, na mtoto ambaye mzazi wake anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni na kurudi na mzigo nusu anajua kuwa sivyo.

Jambo la pili ni sura inayohusu kazi za mama. Ni vyema kwamba kazi za nyumbani zimehesabiwa kuwa kazi, kwa kuwa huku kwetu bado utamsikia mtoto akisema, "Baba anafanya kazi, mama anauza vitumbua," kana kwamba kuloweka mchele jioni, kuusaga na kusimama mbele ya jiko kabla jua halijachomoza ni mapumziko. Lakini kazi hizo zimewekwa mabegani mwa mama peke yake, na kazi nyingi za ujira zimeachiwa wanaume. Ni kitabu cha mwaka 1968 na kimezeeka upande huo. Sikifichi ukurasa huo. Ninawauliza watoto nani nyumbani kwetu anafanya nini, na mazungumzo yanayofuata huwa na faida kuliko ukurasa wenyewe.

Anayekinunua aangalie toleo, kwa sababu yapo yaliyopunguzwa kurasa. Tafuta lililo kamili. Umri unaofaa kwa kusoma sehemu moja moja ni miaka 5 hadi 9. Ukikisoma chote usiku mmoja utamchosha mtoto nawe utachoka.

Mkokoteni wa maksai

Cha tatu nitakipitia kwa kifupi, ingawa kwa uzuri wa picha kinaweza kuwa cha kwanza. Ox-Cart Man kiliandikwa na Donald Hall na kuchorwa na Barbara Cooney, kikatoka mwaka 1979, na picha zake zilipata Medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha, mwaka uliofuata. Mkulima wa New Hampshire, jimbo la Marekani, anapakia kwenye mkokoteni kila kilichozidi katika mwaka mzima: sufu, shali aliyofuma mkewe, glavu alizofuma binti yake, mifagio aliyochonga mwanawe, viazi, tufaha, asali, hata manyoya ya bata bukini. Anatembea siku kumi hadi soko la Portsmouth. Huko anauza mizigo, anauza magunia na mapipa ilimokuwa, anauza mkokoteni, na mwisho anamuuza maksai baada ya kumbusu puani. Ananunua chungu cha chuma, sindano ya kutarizia, kisu na peremende, kisha anarudi nyumbani kwa miguu, na familia inaanza upya kutengeneza na kulima.

Ukurasa wa kuachilia umo, na ni mzito: watoto wangu wote wawili walinyamaza maksai alipouzwa. Pia umo ukweli mmoja uliotulia, kwamba sindano na kisu ni zana. Binti anaanza kutarizi na kijana anaanza kuchonga palepale. Lakini hadithi haina mgogoro wala maswali, na lugha yake ina mwendo wa shairi ambao unapotea mtu anapousimulia kwa haraka. Kinamfaa mtoto mtulivu wa miaka 6 kwenda juu, hasa aliyezoea kuona mavuno, gulio na msimu wa kupanda. Kwa mtoto wa mjini anayependa matukio, ningekiacha kwanza.

Saruni na sarafu zake

Kitabu cha nne ni My Rows and Piles of Coins cha Tololwa Mollel, mwandishi Mtanzania aliyezaliwa Arusha, chenye picha za rangi za maji za E. B. Lewis. Kilitoka mwaka 1999, na mwaka 2000 picha hizo zilipata heshima katika Tuzo za Coretta Scott King nchini Marekani. Saruni ni mvulana anayemsaidia mama yake, ambaye anamwita Yeyo, kubeba bidhaa kwenda sokoni. Siku moja Yeyo anampa sarafu za senti kumi kama zawadi ya kazi yake. Anazunguka vibandani, anatazama vitafunwa na vitu vya kuchezea, anatamani kila kitu, na mkono wake unabaki umezibana sarafu mfukoni. Kisha anaona baiskeli. Anaamua kudunduliza hadi ainunue, ili mizigo ya mama yake isibebwe tena kichwani.

Hapo ndipo kilipo kile ninachokitafuta. Ukurasa wa vibanda ni ukurasa wa kuachilia, na kinachoachiliwa ni kitu ambacho kila mtoto anakijua utamu wake. Mwanangu mdogo, tulipofika hapo mara ya kwanza, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye angenunua njugu za sarafu moja tu na kuweka zilizobaki. Nilimwambia hilo nalo ni jibu. Saruni alichagua kuacha zote, mwingine anaweza kuacha nusu. Anayenunua njugu kila siku ya soko asishangae baiskeli ikichelewa.

Neno kudunduliza lenyewe linastahili kutajwa, kwa kuwa Kiingereza cha kitabu hakina neno moja lenye uzito huo. Kuweka akiba kunaweza kumaanisha kupeleka benki fedha nyingi kwa mara moja. Kudunduliza ni kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa mtu mwenye kipato kisichojulikana kesho kitakuwaje. Saruni anadunduliza, kisha anamwaga sarafu, anazipanga mafungu, anayapanga mafungu kwa mistari, na anahesabu. Sarafu za senti kumi za shilingi ya Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, jambo ambalo babu au bibi yeyote aliyekuwa mtoto miaka ya 1960 anaweza kulisimulia vizuri kuliko mimi, na ni vyema aombwe alisimulie.

Siku iliyofuata binti yangu alivunja kibubu chake. Alitandika mkeka sebuleni, akatenganisha sarafu za mia mbili, za mia na za hamsini, akaanza kupanga. Alipogundua kuwa sarafu tano za mia mbili ni fungu la elfu moja, na kwamba za hamsini zinahitajika ishirini kwa fungu lenye thamani ileile, alirefusha mstari wa hamsini mpaka ukatoka nje ya mkeka. Aliutazama mstari ule kwa muda, kisha akasema kuwa hamsini zinaonekana nyingi lakini si nyingi. Nimefundisha hesabu za fedha kwa njia nyingi, na hakuna iliyonipa sentensi kama hiyo.

Hadithi inaendelea kwa ukweli unaouma. Saruni anakwenda kwa muuza baiskeli na akiba yake yote, na muuzaji anamcheka, kwa kuwa fedha ile haikaribii bei. Hapo huwa ninasimama na kuwauliza watoto wangejuaje bei mapema, na je, wangeendelea au wangebadili lengo? Mwishoni baba yake, ambaye anamwita Murete, ananunua pikipiki na kumuuzia Saruni baiskeli yake ya zamani kwa akiba ile, kisha anamrudishia fedha kama shukrani kwa msaada aliowapa wazazi wake. Saruni anaanza tena kudunduliza, safari hii kwa ajili ya mkokoteni wa kufungwa nyuma ya baiskeli.

Mwisho huo unapendeza, nami ninaupenda, lakini mzazi asiupitie bila maneno. Mtoto anaweza kubaki na wazo kwamba akiba isipotosha baba atafidia. Ninavyowaeleza wangu ni kwamba Murete alikuwa na mambo mawili mkononi, biashara na zawadi, na aliyatenda moja baada ya jingine: kwanza aliuza kwa bei, akapokea fedha, na ndipo alipotoa zawadi. Saruni alikuwa amekwisha kununua. Naye hakuikalia fedha iliyorudi, alianza kuwaza chombo cha kuongeza mzigo, kama Alfalfa na trekta yake. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 10 wa Afrika Mashariki ninakiweka juu ya vingine vyote, na sababu si kwamba mwandishi ni wetu. Ni kwa sababu soko lake ni soko wanalolijua, mzigo wa kichwani wanaujua, na bei inayomshinda mtu wanaijua.

Kile ambacho hakimo katika vyote vinne

Kuna jambo moja la uchumi wa mtaani ambalo vitabu hivi havilioneshi jinsi lilivyo huku kwetu, nalo ni mtaji wa biashara ndogo: fedha iliyo mkononi ambayo huruhusiwi kuila. Mtoto anayemwona mama wa genge na noti nyingi jioni anaamini kuwa ni tajiri, na anaponyimwa soda anadhani amenyimwa kwa uchoyo. Kwa hiyo tulitengeneza kitabu chetu wenyewe kwa karatasi nane zilizokunjwa na kushonwa katikati kwa uzi.

Bei tulizotumia ni za mfano. Mama ananunua ndoo ya nyanya kwa shilingi 15,000 na kulipa nauli na mzigo shilingi 1,000. Anapanga mafungu ishirini ya shilingi 1,000 kila moja. Kumi na nane yanauzika, mawili yanaoza. Jioni ana shilingi 18,000 mkononi. Katika ukurasa huo mtoto anaulizwa mama huyu amepata kiasi gani, na karibu kila mtoto niliyemwonesha amejibu elfu kumi na nane. Ukurasa unaofuata una kanga yenye fundo kwenye pindo, na ndani ya fundo kuna 15,000 za kurudi sokoni kesho. Kando yake kuna 1,000 iliyokwenda kwa usafiri. Zinazobaki kwa unga, mboga na daftari la shule ni 2,000. Binti yangu aliyechora kanga ile aliandika chini yake, kwa herufi kubwa, MTAJI HAULIWI. Baada ya hapo tulikwenda gengeni kununua nyanya, naye hakuuliza tena kwa nini yule mama, tunayemwita Mama Mkubwa, hapunguzi bei ya fungu hata tukimwomba.

Wasiotaka kuchora wanaweza kutafuta vitabu vya bure katika African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliofungua maktaba yake ya intaneti mwaka 2014. Humo kuna vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa na hata kutohoa. Vingi ni vifupi mno kubeba hadithi ya ununuzi, uuzaji na akiba kwa pamoja, kwa hiyo ninavitumia kama kianzio: tunasoma kimoja chenye soko au shamba, kisha tunaongeza kurasa zetu zinazojibu nani alilipa, alilipa nini, na iliyobaki ilikwenda wapi.

Kuchagua

Mwenye mtoto chini ya miaka 6 achukue Pelle, na avumilie maneno machache ya sufu na baridi ambayo mtoto wa pwani hajayaona. Mwalimu mwenye darasa kubwa na nakala moja tu atafaidika zaidi na Scarry, kwa sababu watoto kumi wanaweza kuuzunguka ukurasa mmoja na kila mmoja akapata mtu wake wa kumfuatilia. Ila ajitayarishe kuleta bei mwenyewe, kwa kuandika vibandiko vidogo vya shilingi na kuviweka juu ya suti, trekta na mkate, kisha awape watoto fedha ya mchezo isiyotosha vyote vitatu. Mkokoteni wa maksai unafaa kuazimwa kabla ya kununuliwa, kwa kuwa mapokezi yake yanategemea sana tabia ya mtoto.

Mwenye fedha ya kitabu kimoja, na watoto wa umri tofauti nyumbani, anunue cha Saruni. Vitabu vya picha vya kuagiza kutoka nje ni ghali, na nisingependa mtu atumie fedha ya matumizi ya wiki kwa ajili yake. Wazazi watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakanunua nakala moja na kuizungusha kwa zamu, kila nyumba wiki mbili. Sisi tulifanya hivyo na majirani, na watoto ndio waliopanga ratiba. Nyumba ya kwanza ilitaka kukaa nacho zaidi ya wiki mbili. Nyumba ya pili ilikubali kusubiri, kwa sharti kwamba wapewe na kile cha kushonwa kwa uzi, chenye kanga.